Kofia Isiyo na Kosa

Uzi ulikataa kuingia kwenye tundu la sindano, nami nikaanza kuutukana kana kwamba una masikio. Uzi haukuwa na hatia. Mkono wangu ndio uliokuwa ukitetemeka, na sababu naijua: lithiamu, kidonge ninachomeza kila siku kwa ajili ya baipola, maradhi yanayonipandisha nikajiona malkia, kisha yakanibwaga nisitake hata kuoga.

Dawa ya kwanza ilinituliza, lakini ilinilaza kama gogo na kuninenepesha hadi madera nayo yakanibana. Hii ya pili iliniamsha, ikanirudishia akili, ikanichukulia mkono. Daktari wangu, binti mpole, alisema tunaweza kuipunguza kidogo huku tukipima damu, au turudi kwenye ile ya mwanzo. "Ila usiache mwenyewe," alisisitiza. Nikaitikia kwa adabu, na moyoni nimeshakata shauri kuacha.

Kaka yangu alikuwa anaoa, na nyumbani kwetu Kisauni kofia ya bwana harusi hushonwa na dada yake, kwa mkono, tobo kwa tobo, vile vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi hadi vikawa maua. Kazi hiyo haina huruma. Tobo moja likienda upande, wanaoswali safu ya nyuma wataliona kabla ya kutoa salamu.

Na ushahidi kwamba bila dawa ninaweza nilikuwa nao. Nilipougua mara ya kwanza, kabla hatujajua kuwa ni maradhi, nilishona kofia nzima mfululizo bila kulala. Mama aliihifadhi sandukuni. Nikamwomba anitolee.

Wallahi nilipigwa na butwaa. Maua yalizaana ndani ya maua, na kila tobo lilikuwa sawa na mwenzake. Nakshi ile hakuna aliyenifundisha, na tangu hapo sijaweza kuichora hata kwenye karatasi. Niliistaajabia kama kazi ya mtu nisiyemjua, na nikamwonea wivu mtu huyo.

"Mama, huu ndio mkono ninaoutaka," nikasema. "Vidonge nitavirudia baada ya harusi, inshallah."

Mama aliichukua kofia, akaigeuza nje ndani.

"Mwanangu."

"Abee."

"Hebu tazama huku."

Kitambaa cha ndani kilikuwa na madoa ya kahawia, madogo madogo, yakifuata ua hadi ua.

"Ni damu," akasema. "Nimeifua mpaka nimechoka, haitoki. Ulikuwa wajidunga, vidole vyavuja, nawe wacheka, waniambia hakuumi. Nalitaka kukunyang'anya sindano, ukanisukuma."

Sikukumbuka hata chembe. Nilivitazama vidole vyangu, kisha yale madoa. Mkono ule haukutetemeka, na wala haukuhisi chochote.

Nilirudi kwa daktari nikamweleza yote. Tukapunguza kidogo, damu ikapimwa, mtetemo ukapungua bila kwisha. Nilishona polepole, kiwiko nimekiegemeza kwenye mto, mama akinitungia uzi. Matobo mengine yalikwenda upande, na wa safu ya nyuma nikawaacha wayaone watakavyo.

Asubuhi moja sindano ikanidunga.

"Uwi!" nilipiga kelele. Mama akaja mbio kutoka jikoni, mikono ina unga.

"Kuna nini?"

"Imeniuma, mama."

Akakishika kidole changu, akakitazama.

"Alhamdulillahi," akasema, akaketi kunitungia uzi mwingine.