Daktari Anatakiwa Hema la Dawa

Nawaambia kwa kuwa nyinyi ni watu wangu, maana hata leo nikiikumbuka siku ile masikio yanawaka moto. Mimi, daktari mzima mwenye kliniki yake katikati ya jiji, nilipitishwa mbele ya umati wa watu ndani ya wilbaro ya samadi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, Jumamosi ya maonyesho ya kilimo kule uwanja wa Jamhuri, nami ndiye daktari wa zamu katika hema la dawa. Tumbo lilikuwa likiniuma tangu Alhamisi, chini upande wa kulia (mgonjwa akinionyesha hapo tu, namwandikia barua ya hospitali papo hapo), lakini tumbo langu mimi nikasema ni gesi, nikanywa soda, na mke wangu Zuhura aliponiuliza mbona sili nikamwambia nimeshakula mjini.

Saa sita maumivu yakanikunja. Hema limejaa watu, nikaona haya wamwone daktari wao akijishika tumbo, basi nikavua koti jeupe, nikamwambia Sista Wanjiru, muuguzi wangu, "Naenda msalani, narudi sasa hivi," nikaenda kujificha nyuma ya mabanda ya ng'ombe. Ni aibu tu, jamani! Huko miguu ikanikatalia, nikaanguka kwenye nyasi za mifugo.

Akanikuta mtunza ng'ombe, Mzee Kiprono. "Wewe, umelewa mapema hivi?" Akanigusa paji la uso. "Aka, hii si pombe." Akanipakia kwenye wilbaro yake na kukata njia katikati ya uwanja, na wakati huohuo mafahali walioshinda walikuwa wakipitishwa mbele ya watu, wakipigiwa makofi.

"Na huyo amekuwa nambari ngapi?" mtu akapiga kelele, uwanja mzima ukaangua kicheko.

Hemani Sista hayupo, ameenda kunitafuta vyooni, na bila koti hakuna aliyenitambua. Mara kipaza sauti: "Daktari Swaleh! Daktari Swaleh! Hema la dawa haraka, kuna mgonjwa mahututi!" Nataka kusema ni mimi, sauti haitoki. Wakatangaza mara tatu.

"Madaktari hawa," mama mmoja kwenye foleni akasonya, "saa hii yuko kwa nyama choma."

Nusu saa nzima nilikaa pale nikijingoja mwenyewe, mpaka Sista alipoingia mbio. "Yesu wangu, daktari si ndiye huyu!"

Waliponifikisha hospitali, kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka. Daktari wa upasuaji alimwambia Zuhura aite watu wa nyumbani, nami nilimsikia. Aibu yote ikaniishia, nikabaki na woga mtupu, nikaushika mkono wa mke wangu na kusoma shahada. Siku nne sikujua mchana wala usiku. Alhamdulillahi, nikapona.

Mzee Kiprono akaja wodini kunijulia hali, na chupa ya maziwa mkononi. "Daktari, ng'ombe wangu akikataa nyasi asubuhi moja tu, mimi situlii. Wewe ulikosa mtu wa kukuangalia?"

Zuhura alikuwa ameketi papo hapo kitandani, ananimenyea chungwa.

"Ninaye," nikasema. "Nilimdanganya."

Siku hizi nikipiga chafya mara mbili namwambia, na akisema twende kwa daktari, mimi ndiye wa kwanza kuvaa viatu.