Mguu wa Klachi

Mimi ni mkazi wa Cheyo, Tabora, na kazi yangu ni kuendesha lori la ghorofa mbili linalobeba magari. Nayapakia Dar es Salaam, nayashusha Kigoma, na wenyewe wanayavusha kwenda Burundi na Kongo. Watu wakiniona njiani hudhani nina raha, nimekaa tu. Waje wajaribu. Kila gari unalipandisha mwenyewe kwenye njia nyembamba ya chuma, unalifunga mikanda, halafu ukifika penye nyaya za umeme zilizolegea unapita huku unamwomba Mungu.

Nilikuwa mzima na mwenye kujisifu. Sisi madereva tunaobeba magari tuna desturi yetu: safarini hatunywi maji. Ukinywa utashuka kukojoa, na ukirudi utakuta gari la watu limeng'olewa kioo cha pembeni. Hapo tajiri mwenye lori hataki maelezo, kioo unalipa wewe. Basi nilikuwa natoka Dodoma hadi Tabora natafuna karanga, mkojo wangu una rangi ya chai ya rangi, na nikikutana na wenzangu tunasifiana kwa kutoshuka.

Siku moja nilipopita Itigi, nyama ya nyuma ya mguu wa kushoto ilianza kuuma. Ndio mguu wa klachi, na klachi ya lori lile ni nzito. Nikailaumu klachi. Nilipofika nyumbani kiatu kilikataa kutoka. Mguu ulikuwa umevimba hadi gotini, unang'aa na una joto. Wa kulia haukuwa na neno.

Mke wangu aliutazama akasema, "Baba Neema, mguu mmoja kuvimba hivi si uchovu. Twende hospitali." Nikamwambia yeye kwa hospitali hajambo.

Mama yangu alikuwa amekuja kutusalimia kutoka Goweko. Kule anajulikana kwa kukanda. Vijana wa mpira wakiteguka hupelekwa kwake. Alichemsha maji, akaleta samli, akausugua mguu kwa vidole gumba kuanzia kisigino kwenda juu. Nililia kama mtoto. Akasema maumivu yanatoka, na kweli nikaona nafuu, nikalala.

Asubuhi nikiwa naenda chooni kifua kilibana ghafla. Kila nikivuta pumzi, kitu kilinichoma chini ya mbavu. Jasho jembamba likanitoka. Nikakohoa, nikaona damu kwenye kiganja. Mke wangu hakubishana na mtu, alikwenda barabarani akarudi na bajaji.

Hospitali waliniwekea oksijeni, wakanipima mguu na kifua. Daktari, dada mdogo kwa umri, aliniuliza kazi yangu, kisha akauliza nakunywa maji kiasi gani nikiwa safarini. Hata katika hali ile nilimjibu kwa majivuno kwamba sinywi.

Akasema, "Damu yako imeganda kwenye mshipa wa mguu. Kukaa muda mrefu bila kushuka na kukosa maji kumechangia. Kipande kimekatika, kimepanda kwenye pafu. Mguu huu ulisuguliwa?"

Mama alikuwa amesimama pale kitandani, ameshika shati langu.

"Nimeusugua mimi," akasema.

Daktari hakumfokea. Alimweleza kwa heshima kwamba mguu wa namna ile haukandwi, maana donge la damu linaweza kung'oka, na kwamba asingeweza kujua kwa macho. Mama aliitikia, akaificha mikono yake ndani ya kanga.

Nilichomwa sindano za ngozi ya tumbo mpaka tumbo likawa na mabaka ya bluu. Zikafuata dawa za kuzuia damu isigande. Nikipiga mswaki fizi zinatoka damu. Niliogopa kulala, nikidhani sitavuta pumzi inayofuata. Nililia, na sioni aibu kusema. Mama alikuwa analeta uji, anauweka kwenye stuli, anasogea mbali. Hakunigusa hata bega. Nilimsikia akimwambia mke wangu kwamba mikono yake ilitaka kumuua mwanawe. Lile liliniuma kuliko kifua.

Taratibu nilianza kutembea wodini, baadaye mtaani. Uvimbe ulishuka, pumzi ikarudi, na daktari akaniruhusu kazini. Sasa nakunywa maji, nashuka, nazunguka lori langu. Kioo kimoja kimeshaibwa. Nililipa.

Namshukuru Mungu, yule daktari, na mke wangu aliyeona kabla yangu. Wenzangu, kunyweni maji na mshuke. Na mtu yeyote akivimba mguu mmoja, msimkande, mpelekeni hospitali.

Kabla ya safari yangu ya kwanza baada ya kuugua nilikwenda Goweko kuaga. Mama alinisalimia akiwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. Nilikaa kwenye mkeka, nikavua kiatu cha kulia, nikamnyooshea mguu.

"Mama, huu daktari ameruhusu ukandwe," nikasema. "Nao mguu umechoka."

Aliitoa mikono mgongoni. Kisha akaketi, akaupakata mguu wangu, akaanza kuukanda polepole, machozi yakimdondokea kwenye vidole.