Aliyemimina Chai Kikaoni

Juzi, kwenye mgahawa mmoja pale Makole, nilikaa meza moja na watumishi wawili wa serikali. Mmoja, mama wa makamo mwenye kitambulisho shingoni, alikuwa hajaigusa chapati yake.

"Wamelifunga dirisha la wazee," alimwambia mwenzake. "Kuanzia Jumatatu babu zetu watapanga foleni moja na vijana."

"Si ulisema utapinga kikaoni?"

"Nilijiandaa wiki nzima. Ajenda ilipofika, mwenyekiti akasema, 'Mama, hebu tusaidie chai huku tunaendelea.' Mimi ndiye mkuu wa kitengo, lakini mwanamke nilikuwa peke yangu. Nikainuka. Namimina kikombe cha mwisho, nasikia, 'Pendekezo limepita.'"

"Ungekataa, dada."

"Wangesema nina kiburi." Akaitazama mikono yake. "Halafu mwenyekiti akaniuliza kama nina la kuongeza. Nikamjibu, 'Hapana, mheshimiwa. Sukari hiyo hapo.'"

Ofisi zetu zimejaa watu wenye hoja nzito, ila wamelelewa vizuri mno kiasi cha kushindwa kuzisema. Tunawasifu kwa upole wao, na wazee ndio watakaosimama juani.

Mhudumu akaweka chupa ya chai mezani. Kabla sijanyoosha mkono, mama yule alikuwa ameshaishika. Akammiminia mwenzake, kisha akanimiminia mimi, mtu ambaye hata hanijui.

Nilitamani kumwambia, "Iache, mama." Badala yake nikasema ahsante, nikaomba na sukari.