Chujio la Maji Kwenye Boti la Shemeji

Dada yangu alipotoka hospitali baada ya homa ya matumbo, alikuwa amekonda hadi pete ya ndoa ikawa inamvuka kidoleni. Daktari alimsisitizia jambo moja tu, maji ya kunywa yawe safi. Nyumbani hilo liliwezekana, angeyachemsha. Lakini dada alikuwa mchuuzi wa samaki, na mara mbili kwa wiki alivuka Ziwa Rukwa na mume wake kwenye boti lao la abiria. Safari ilikuwa ya nusu siku, na kiu ikiwabana watu walikunywa maji ya mto yaliyotekwa asubuhi kwenye pipa, yakiwa na rangi ya chai.

Mimi ni fundi bomba. Nimekulia kwenye mashamba ya kahawa huko Mbozi, na kazi zangu zote nimezifanya Vwawa, kwenye nyumba ambazo hazijawahi kusogea hata inchi moja. Ziwa nililiogopa tangu zamani. Sijui kuogelea, na Rukwa lina mamba. Kwa hiyo shemeji aliponipigia simu kuniita huko, nilitamani nisingepokea.

"Shemeji, wewe ndiye fundi wetu," alisema. "Tafuta chujio, uje ulifunge mwenyewe. Sina nguvu ya kumwuguza dada yako mara ya pili."

Nililipata Tunduma, kwa mama mmoja aliyekuwa akileta bidhaa kutoka upande wa Zambia. Lilikuwa kopo refu la plastiki lenye kichujio cha kauri ndani na pampu ndogo ya mkono.

"Unalifunga wapi?" aliniuliza.

"Kwenye boti."

Akacheka. "Boti? Hapa Tunduma?" Kisha akaacha kucheka. "Haya. Lisipigwe jua, na lisikae karibu na mafuta."

Njia nzima nililiwazia neno lile. Niliteremka gari Galula, nikapanda pikipiki kuelekea ziwani, chujio nimelipakata kama mtoto, nikijiuliza ni wapi kwenye boti lisilo na paa pasipofika jua wala petroli.

Boti lilikuwa limevutwa nusu yake mchangani. Nilipanda, nikashuka, nikapanda tena. Mbele palikuwa pa mizigo, katikati pa abiria na magoti yao. Kivuli kilikuwa sehemu moja tu, nyuma, chini ya kiti anachokalia shemeji akishika injini.

"Hapo hapo," shemeji alisema. "Nitalilinda mwenyewe."

"Na mafuta je?"

"Dumu la mafuta nitalihamishia upande wa pili."

Yeye ni mkubwa kwangu, na boti ni lake. Nikakubali, ingawa roho haikutulia. Nilipiga magoti chini ya kiti, nikaanza kutoboa ubao wa ubavuni ili nifunge kishikio cha chujio. Tundu la kwanza lilikwenda vizuri. La pili, drili ilizama ghafla, ikakosa kitu cha kung'ata. Nilijua mara moja kwamba nimetoboa hadi nje. Nilizunguka nje nikaona nukta nyeusi kwenye ubao, juu kidogo ya alama ya maji.

Ningepaswa kumwita shemeji pale pale. Badala yake nilijaza silikoni, nikakaza skrubu kwa nguvu mpaka ubao ukalia, nikajiambia kwamba maji hayafiki pale. Nilimwonea haya. Alikuwa ameshawatangazia watu mwaloni, pale boti zinapofikia, kwamba fundi wake ametoka Vwawa.

Asubuhi iliyofuata nilitaka kuondoka. Dada akanikatalia.

"Fundi lazima aonje kazi yake," alisema, akinishika mkono kwa vile vidole vyake vyembamba. "Twende, mdogo wangu. Jioni tumerudi."

Wakaingia watu kumi na mmoja na magunia ya mahindi. Kila aliyepanda, boti lilishuka. Niliinama kutazama nje, na ile nukta yangu sikuiona tena. Ilikuwa imezama.

Tulipokuwa tumeuacha ufukwe mbali, dada alisukuma pampu, ikavuta maji ya pipani, akajaza kikombe. Maji yalikuwa meupe kabisa, na abiria wakashangilia. Alipiga funda moja, akashusha kikombe.

"Mbona yananuka petroli?"

"Ni mikono yangu hiyo," shemeji alisema.

Mimi sikuwa nikisikiliza. Soksi zangu zilikuwa zimelowa. Nilitazama chini nikaona maji yanacheza kati ya mbavu za boti, yanakwenda mbele na kurudi, na kila yakirudi yamezidi. Mama mmoja akanyanyua gunia lake akalia, "Maji! Maji yanaingia!"

Shemeji alitupa jicho. "Kalafati ya kuziba mbao imeachia mahali. Chukueni madumu, mchote!"

Watu wakachota kwa madumu yaliyokatwa. Mama yule alianza kusali kwa sauti. Shemeji aligeuza boti kurudi tulikotoka huku akinyoosha shingo kukagua maungio ya mbao upande wa mbele, ambako hakukuwa na tatizo lolote. Nilimtazama dada, hana hata nguvu ya kuinua dumu, nikaona nikiendelea kunyamaza nitamzamisha kwa mkono wangu mwenyewe.

"Shemeji, ni mimi," nilisema. "Nilitoboa ubao jana. Tundu liko hapo, chini ya kiti chako."

Alinitazama kwa muda mfupi sana. Sikuwahi kuogopa macho ya mtu namna ile. Kisha akapaza sauti, lakini si kwangu.

"Watu wote mbele! Na magunia mbele! Taratibu, msisimame!"

Abiria walitambaa, magunia yakasogezwa moja moja, na nyuma ya boti ikainuka. Nikaingia chini ya kiti. Ubao ulikuwa umepasuka kuanzia kwenye skrubu, ufa wa urefu wa kidole, maji yakipenya kwa kasi. Dada alichana pindo la khanga yake akanipa. Nililishindilia ndani ya ufa kwa ncha ya bisibisi, kidogo kidogo. Maji yakapungua, yakawa ya kudondoka. Niliganda pale chini, kiganja changu kimebana kitambaa, nikivuta harufu ya petroli, mpaka niliposikia mchanga unakwaruza.

Watu waliposhuka, shemeji alinisogelea. "Ungeniambia jana," alisema, "tungetumia saa moja tu kutengeneza."

"Niliona haya."

"Haya!" Alitikisa kichwa, akaenda kumwita seremala wa boti.

Kwa siku mbili seremala alibadilisha ubao, nami nilimshikia mbao na kumchemshia lami. Siku ya tatu nikalifunga chujio upya, na safari hii sikutoboa kitu. Nililining'iniza kwenye kiti cha katikati kwa mikanda ya mpira wa tairi, mbali na injini, nikalivisha turubai kuzuia jua. Abiria wawili walilalamika kwamba linawabana magoti. Dada aliwajibu kwamba atakayebanwa asiombe maji. Kisha nikapanda tena, kwa hiari yangu, nikaenda hadi ng'ambo nikiwa nimekumbatia ubao. Maji hayakunuka kitu.

Dada amenenepa sasa. Homa haijarudi, na wapo abiria wanaomsubiri yeye hasa kwa sababu ya maji yake. Siku zao za kusafiri huwa napiga simu kuuliza kama kichujio kimesafishwa. Mara nyingine mtandao haushiki kule ziwani, na siku hiyo sifanyi kazi yoyote ya maana mpaka mmoja wao apokee.