Kanda za Nyumba Nzima

Mwezi uliopita nililala nyumba ya wageni pale Singida mjini, chumba cha heshima tu, shuka safi, kipande cha sabuni bado kiko ndani ya karatasi yake. Nilipofungua mlango wa bafu nikakuta ndala zimewekwa tayari: soli za bluu, kanda nyekundu. Mtu alikuwa amechomoa kanda za ndala nyingine akazipachika kwenye hizi. Wewe ungetia miguu, ukaoga, yakaisha. Mimi nilisimama mlangoni na taulo begani, mate yakinijaa kama mtu anayekaribia kutapika, mwisho nikaoga miguu mitupu kwenye sakafu yenye utelezi, jambo ambalo ukilifikiria vizuri ni baya zaidi. Usinicheke kwanza. Ngoja nikuambie nilivyolelewa.

Nililelewa na bibi mzaa mama, nje kidogo ya Ilongero. Nyumbani tulikuwa watatu: bibi, mjomba ambaye hakuwa ameoa, na mimi. Nakiri kuna mambo nayakumbuka kwa hamu mpaka leo. Ugali wa uwele ukiwa bado unafuka moshi, mlenda unaovutika kutoka kwenye bakuli mpaka mdomoni, alizeti zilizoanikwa uani na kuku wanaofukuzwa kutwa nzima. Kazi yangu ilikuwa kuwafukuza hao kuku. Lakini kila nikikumbuka utamu wa uwele, na harufu ya kanda za viatu vyetu inakuja hapohapo, haiombi ruhusa.

Kule kwetu kuna miiba ya migunga kila unapokanyaga, kwa hiyo watu walivaa katambuga, zile za matairi ya gari. Za wenzetu kanda zilipigiliwa misumari, basi. Za kwetu zilikuwa na utaratibu wake. Kila mmoja wetu alikuwa na soli zake, zimetobolewa matundu matatu matatu, na chini ya kila tundu fundi alichimba kishimo ili fundo lizame lisisuguliwe na ardhi. Kanda zilikuwa jozi moja tu. Alizikata babu kutoka kwenye ngozi ya ng'ombe wake kabla hajafariki, na kwa maelezo ya bibi hazikuwa na mfano duniani. Kanda za mpira alizidharau kabisa. Alisema zinakatika mtu akiwa katikati ya safari, halafu unaingia kwa watu umebeba kiatu mkononi.

Basi zilizunguka. Alfajiri zilikuwa za mjomba, akaenda nazo zizini kukama na kuzoa samadi. Akirudi alizichomoa, bibi akazipachika kwenye soli zake, akaenda chooni, kisha kisimani. Bibi akirudi zilikuwa zamu yangu, za shule. Jumapili mimi na bibi tulikwenda misa tofauti, yeye ya kwanza mimi ya pili, tukakutana njiani, akakaa juu ya jiwe akanihamishia.

Ngozi iliyolowa ikikauka, fundo linakuwa gumu kama kokwa. Mjomba alilifungua kwa meno. Fundo lilelile lililoshinda chini ya soli kwenye mkojo wa ng'ombe, alilitia mdomoni, akalivuta kwa gego, akatema pembeni, halafu akachukua kikombe cha chai tulichokuwa tukipokezana. Bibi naye kila wiki alizipaka mafuta ya ng'ombe zisipasuke, na mafuta yale yalichacha kwenye joto. Ukichanganya mafuta yaliyochacha, samadi, na jasho la katikati ya vidole vya mjomba, ambavyo vilikuwa vimeoza kwa fangasi tangu nimjue, utapata kitu nilichokuwa nakivaa kwenda kusoma. Kilikuwa kinateleza. Asubuhi nilikuwa nikiingiza kidole gumba nasikia ubichi wa mtu mwingine.

Na usidhani bibi alikuwa mchafu. Uani kwake palifagiwa mara mbili kwa siku. Soli alizilinda kama nini: ole wako ukanyage soli ya mwenzako, maana aliamini maradhi ya mtu yanabaki pale anapokanyaga. Siku moja niliigusa ya mjomba kwa kisigino tu, nikachapwa. Lakini kanda hazikuwa za mtu. "Kanda haikanyagi chini," alisema, "itachafuka na nini?" Nikimwambia zinanuka, alinijibu kwamba zilimfikisha babu mpaka Itigi kwa miguu, sasa mimi zinanishinda mpaka shuleni?

Nilipofika darasa la nne, katikati ya vidole vyangu pakaanza kuchanika na kutoa ngozi nyeupe iliyolowa. Nilisugua kwa mchanga, nikaweka majivu, haikusaidia. Darasani mwenzangu wa dawati alihamia mbele. Ndipo mwaka huohuo katekista akanichagua niwe miongoni mwa watu kumi na wawili watakaooshwa miguu na padri Alhamisi Kuu. Bibi alifurahi mpaka akawaambia majirani kisimani. Mimi sikulala vizuri wiki nzima. Katekista alituonya wote kwa ukali: "Mje mmeshaosha hiyo miguu. Padri haji kufanya usafi, anakuja kuadhimisha."

Niliosha miguu yangu mara tatu siku ile. Halafu bibi akanipachikia kanda, zimetoka kwa mjomba muda si mrefu, na kazi yote ikawa bure kabla sijafika kanisani.

Tulipangwa kwenye benchi mbele ya altare, tukavua viatu. Padri alipita na beseni, mtumishi na birika. Alimwagia mtu maji, akafuta kwa taulo, akainama akabusu mguu, akaenda kwa mwingine. Alipofika kwangu vidole vyake vilisimama kidogo. Alimwaga maji mara mbili. Alifuta, akageuza taulo upande wa pili. Kisha aliinama, na kabla midomo haijafika akainuka, akasogea. Kwa waliokaa nyuma ilionekana kama busu. Mimi nilikuwa namtazama kwa karibu, na nilimwona amebana pumzi.

Misa ilipokwisha nilikwenda nyuma ya kanisa, nikachomoa zile kanda, nikazitumbukiza chooni. Nilirudi nyumbani pekupeku nimebeba soli, miiba ikinichoma, nikamwambia bibi zimeibiwa.

Ijumaa Kuu mjomba aliingia zizini miguu mitupu. Bibi hakwenda chooni wala kisimani. Alizunguka nyumba za watu pekupeku akiuliza kama kuna mtoto aliyeokota kanda za marehemu mume wake. Aliuliza kwa upole, akianza na salamu ndefu kila mlango, na mimi nikiwa nyuma yake. Kwenye mlango wa nne nilishindwa. Nikamwambia ziko wapi.

"Zilikuponyoka au ulizitupa?"

"Nilizitupa, bibi. Zinanuka. Zimeniozesha miguu."

Alinitazama miguu, nadhani kwa mara ya kwanza. Sikupigwa. Alisema tu, "Haya," akageuka kumwita mjomba.

Jumamosi asubuhi mjomba alikwenda na mti mrefu wenye waya uliopindwa kama ndoano. Yeye aliyefungua mafundo kwa meno aligeuza uso mara mbili akatapika, waumini waliokuja kupamba kanisa wakicheka na kuziba pua. Alizitoa zote mbili. Bibi alizipokea kwa jani la mgomba, akazisugua kwa mchanga, kwa majivu, kwa sabuni ya kufulia, akazianika siku tatu juani, akazipaka mafuta. Kisha akazivaa.

Na mikono ileile ikasonga ugali. Rafiki yangu, sikuweza. Tulikula bakuli moja la mlenda, mikono mitatu, nami nikawa nachovya upande wa mbali, nikisubiri wao wamalize upande wao. Nikawa nalala na njaa. Jioni ya tatu bibi alifungua sanduku akatoa sahani ya bati yenye maua, ile aliyomwekea katekista akija, akanipakulia peke yangu, na mlenda wangu kwenye kibakuli chake.

"Kula, mama. Hivi havijaguswa na mtu."

Siku ya mnada aliniletea yeboyebo za plastiki, mpya, zangu peke yangu. Miguu ikapona. Nilifurahi, na furaha ile ndiyo inayonitia kinyaa leo kuliko choo cha kanisa.

Sasa nyumba ile imebaki kichuguu. Mjomba alihamia Itigi kurina asali, akafia huko. Sijui kama kuna mtu Ilongero bado anajua kuchimba kishimo cha fundo chini ya soli. Kila mguu ninaouona umevaa plastiki, kila mtoto ana sahani yake, na ni sawa, ni afya, nami nawafundisha wanangu hivyohivyo. Likizo yangu ya mwisho nikiwa sekondari, bibi akiwa tayari mgonjwa, niliiacha sahani ya maua nikasogea kwenye bakuli lao. Nilinyoosha mkono na tonge tayari limebonyezwa. Bibi alilivuta bakuli taratibu upande wa mjomba, bila hasira yoyote, kama mtu anayemwonea huruma mgeni.

"Hiki ni cha kwetu," alisema. "Chakula chako kile pale."