Kualika kwa Miguu

Kwetu harusi haialikwi kwa simu. Ukimtumia mtu ujumbe atakujibu "hongera", siku yenyewe haji, na mpaka anaingia kaburini atasema hukumwalika. Bwana harusi huenda mwenyewe kwa miguu, pamoja na shangazi yake, nyumba kwa nyumba, na neno alitamke kwa kinywa chake. Ndipo siku ile tukatoka nyumbani Mwakirunge mapema, tuzunguke vilima vyote turudi kwa njia nyingine. Anayealika hapiti njia moja mara mbili, alisema shangazi.

Na mimi harusi sikuitaka, haki ya Mungu. Nilikubali kwa kuwa mama alifurahi, nami mtu akishafurahi mbele yangu siwezi kumkatalia. Msichana mwenyewe, wa Bofu, hakuwa na kosa lolote. Nilijipa moyo kwamba nitamwambia shangazi njiani, kabla ya nyumba ya kwanza.

Nyumba ya kwanza, loo, ilifika upesi.

"Haya, sema," shangazi akanigusa kwa kiwiko.

"Nimekuja kuwaalika harusini."

Vigelegele. Nikajiambia, hawa ni nyumba moja tu, naweza kurudi kuwaomba radhi.

Kilima, bonde, kilima tena. Kila nyumba mihogo, kila nyumba uji, na kukataa ni matusi. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimeshiba hadi kooni na nimealika vijiji vitatu. Bibi mmoja alinishika mikono akalia kwa furaha, akasema mbuzi atatoa yeye. Nilimchukia, Mungu anisamehe.

Juu ya kilima cha mwisho niliziona kreni za bandari ya Kipevu, ng'ambo ya maji, huko ninakofanya kibarua. Niliwaza kushuka moja kwa moja, nipande gari, nizime simu. Miguu ikamfuata shangazi.

Jioni, paa letu likiwa laonekana, shangazi aliketi kwenye gogo akavua kiatu, akakikung'uta. Haikutoka hata chembe ya mchanga.

"Mwanangu, una neno?"

"Neno gani, shangazi?"

"Nakuuliza tu. Imebaki nyumba moja, ya mama yako. Naye hualikwa, tena wa mwisho. Ukishamwalika yeye, basi, hakuna kurudi. Ukiwa na neno, hao wengine nitawarudia mimi kesho, miguu ni yangu."

Kumbe alijua tangu asubuhi. Njia yote ile ndefu alikuwa akiningoja, na mimi mpumbavu natafuna mihogo. Ilikuwa kufungua mdomo tu.

"Sina neno," nikasema.

Alinitazama kidogo, akavaa kiatu chake.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, amejifunga leso mpya, amepanga viti viwili uani kana kwamba sisi ni wageni. Nilipiga hodi kwetu. Nikasema, "Mama, nimekuja kukualika harusini."

Akapiga kigelegele, na nyumba ya jirani ikampokea, kisha ya pili yake, mpaka kule vilimani nilikotoka.