Darubini Iliyouona Mwezi wa Ramadhani

Nyinyi nitawaambia ukweli. Wenzangu kazini wanaamini bunduki ilikuwa mbovu.

Mimi ni mlinzi wa ghala Changamwe. Niliitwa kwenye majaribio ya timu yetu ya kulenga shabaha, nikatafuta darubini ya bei nafuu ya kunionyesha risasi zangu zimetoboa wapi. Mzee mmoja wa Likoni alikuwa akiuza yake.

"Wallahi, mwanangu, hii imenionyesha mwezi mwandamo Ramadhani tatu."

Nikajiambia, inayouona mwezi mwembamba vile itashindwa na tundu la risasi? Nikainunua bila kuijaribu.

Siku ya majaribio, darubini ikaonyesha nimepiga chini. Nikalenga juu kidogo. Matundu yakazidi kushuka. Nikalenga juu zaidi, risasi zikaikosa karatasi ya shabaha kabisa. Nikaanza kuilaani bunduki kwa sauti, watu wote wanasikia.

Mama Mwanaisha, askari mstaafu anayetufunza, akaomba achungulie. Akaielekeza kwa jamaa aliyekuwa akibadilisha karatasi.

"Mwanangu," akasema kwa upole, "mwezi hata ukipinduliwa ni mwezi. Lakini yule bwana, mbona anatembea kichwa chini, miguu juu?"